Nyumba ya Karen Blixen ihifadhiwe pamoja na habari za maskwota

Mhariri,

Kila unapozuka mjadala kuhusu majina ya barabara na masalia ya ukoloni, hawakosekani wanaouliza kwa nini fedha za umma zitumike kutunza nyumba ya mlowezi. Naomba nafasi nitoe maoni yangu kuhusu nyumba ya Karen Blixen, mwandishi na mlowezi kutoka Denmark, iliyo karibu na vilima vya Ngong jijini Nairobi, ambayo naamini inastahili kutunzwa, ila si kwa namna ya kumtukuza mwenye nyumba peke yake.

Nyumba hiyo ya mawe yenye paa la vigae ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi Mswidi, Åke Sjögren, kisha mwaka 1917 ikawa makao ya Blixen na mumewe, waliokuwa wakiendesha shamba la kahawa. Kahawa yenyewe haikustawi, kwa kuwa mahali pale pako juu mno na mvua zilikuwa za kubahatisha. Kiwanda kikaungua mwaka 1923, na ilipofika mwaka 1931 shamba lilikuwa limeshauzwa ili ligawanywe viwanja. Baada ya uhuru, Serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya nyumba hiyo kuwa zawadi, na mwaka 1986, filamu ya Out of Africa ya mwaka uliotangulia, iliyotokana na kitabu cha Blixen, ikiwa imeipa sifa duniani kote, ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Sasa, mitambo ya kahawa inayoonekana pale uwanjani haikujiendesha yenyewe. Chini ya sheria ya mwaka 1918, familia ya Mwafrika iliyokaa kama skwota katika shamba la mlowezi ilitakiwa kumfanyia kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndipo iruhusiwe kulima kijishamba na kufuga mifugo michache. Shamba lilipouzwa, maskwota hao, wengi wao Wakikuyu, walitakiwa kuhama, na Blixen akazunguka ofisi za serikali kuwaombea mahali pa kukaa pamoja, hadi wakapewa ardhi Dagoretti. Kwa hilo nampongeza, ingawa mtu kuombewa ardhi katika nchi yake mwenyewe ni jambo ambalo mwanafunzi anayezuru nyumba ile anapaswa kuelezwa bila kufichwa.

Kwa hiyo nawasihi wasimamizi, yaani Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wakati wakitunza vigae na mbao za kuta, watenge chumba kimoja kwa ajili ya wapishi, wachuma kahawa na wachunga ng'ombe wa shamba lile, maelezo yaandikwe kwa Kiswahili na Kikuyu pia, na familia za Dagoretti zenye masimulizi ya wazee wao zirekodiwe mapema. Sehemu ya viingilio vya watalii ingeweza kugharimia kazi hiyo.

Msomaji wako,
Nairobi