Kabla Shule Haijanunua Kompyuta, Tuanze na Ratiba ya Vipindi

Sisi huuza vifaa vya kompyuta na kufanya tathmini ya matumizi yake shuleni, na maombi mengi yanayotufikia kutoka shule za Tabora Mjini, Uyui, Sikonge na Urambo huanza na bei: kompyuta 20 ni shilingi ngapi, pamoja na projekta na kazi ya kuvuta nyaya? Ni swali halali, na profoma, yaani hati ya makadirio ya bei, tunaiandika. Kabla ya kuiandika, hata hivyo, tunamwomba mkuu wa shule atupatie ratiba ya vipindi, kwa kuwa humo ndimo tunamoona mapema kama vifaa hivyo vitatumika au vitaishia kufunikwa vitambaa.

Chukua mfano wa sekondari yenye mikondo 12 ya wanafunzi 45 kila mmoja, chumba kimoja cha kompyuta 20, na wiki ya vipindi 40. Kila mkondo ukipewa kipindi kimoja cha dakika 40, vimetumika vipindi 12 tu na chumba kinaonekana kuwa na nafasi tele. Lakini wanafunzi 45 wakikaa wawili wawili kwenye kompyuta 20, watano wanabaki wakichungulia juu ya mabega ya wenzao. Ondoa muda wa kutoka darasani, kuvua viatu mlangoni kwa sababu ya vumbi, kuwasha mashine na kuingiza nywila. Zikibaki dakika 30, kila mwanafunzi ameshika kibodi kwa takribani robo saa katika wiki nzima. Ukiamua kuugawa mkondo katika makundi mawili na kulipatia kila kundi vipindi viwili mfululizo, ambavyo ndivyo vinavyofaa kwa kazi ya vitendo, utahitaji vipindi 48 ndani ya wiki yenye vipindi 40, tena bado hujasema nusu ya pili ya darasa iko na mwalimu gani wakati huo. Hapo fedha si kikwazo tena. Shauri letu kwa shule ya aina hii huwa ni kuanza na Kidato cha Kwanza na cha Pili peke yake, au na somo moja, kisha kupanua baada ya mwaka kama matumizi yanaruhusu.

Jambo la pili ni shabaha. Azimio la bodi linalosema shule iwe ya kisasa halimwambii fundi anunue nini. Mwalimu wa Baiolojia anayetaka darasa zima lione jinsi moyo unavyosukuma damu anahitaji projekta moja, spika yenye sauti ya kutosha na pazia zito dirishani, wala hahitaji maabara. Mwalimu wa Jiografia anaweza kutosheka na kompyuta moja yenye picha za satelaiti zilizopakuliwa mapema. Intaneti nayo si lazima iwepo kila siku: programu za Kolibri na Kiwix huhifadhi masomo na ensaiklopidia kwenye kompyuta moja ya shule, na nyingine zikasoma kutoka hapo bila bando. Vitabu vya kiada vinapatikana kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Tunawahimiza walimu waandike, kwa kila somo, ni mada gani hasa inayowasumbua kuifundisha kwa ubao na chaki, na orodha hiyo ndiyo inayotuongoza kwenye ununuzi.

Kwamba vifaa pekee havitoshi limeshapimwa kwingineko kwa gharama kubwa. Nchini Peru serikali iligawa kompyuta ndogo za mpango wa One Laptop per Child (kompyuta mpakato moja kwa kila mtoto), na utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Mabara ya Amerika uliotolewa mwaka 2012, uliohusisha shule za msingi 319 za vijijini, haukuona tofauti katika alama za hisabati na lugha, ingawa kompyuta zilikuwa mikononi mwa watoto kweli.

Katika tathmini, chombo tunachokiamini kuliko vyote ni daftari la mlangoni pa chumba cha kompyuta. Lina safu chache: tarehe, darasa, somo, mwalimu, mashine zilizowaka, kilichofanyika na tatizo lililojitokeza. Tuliwahi kulikagua daftari la shule moja ambayo ripoti yake ilieleza kuwa chumba cha kompyuta kinatumika kila wiki. Kilitumika kweli. Ila kwenye safu ya kilichofanyika neno lililojirudia ukurasa baada ya ukurasa lilikuwa "kuchapa", majina yaliyojaza safu ya mwalimu yalikuwa yale yale, na kurasa zilizojaa zaidi ni za majuma ya kuandaa mitihani ya majaribio na kujumlisha matokeo. Safu ya darasa ilikuwa wazi karibu yote. Hatuoni ubaya walimu kuchapia mitihani shuleni badala ya kupeleka karatasi kwa mchapaji wa mjini, ambako siri ya mtihani haina mlinzi. Tunachosema ni kwamba matumizi hayo yanahitaji kompyuta mbili na printa nzuri katika ofisi ya taaluma, na kwamba mashine nyingine zilizobaki zinasubiri mpango wa wanafunzi ambao bado haujaandikwa.

Kwa upande wa wanafunzi, tunapima kwa kazi ndogo inayofanana mwanzoni na mwishoni mwa muhula. Mwanafunzi anapewa alama za wenzake kumi kwenye karatasi, aziingize kwenye jedwali la kompyuta, atafute wastani, ahifadhi faili kwa jina lake na kulifungua tena. Wengi hukwama kwenye kuhifadhi, jambo ambalo mtihani wa maandishi hauwezi kulionyesha. Matokeo ya Baraza la Mitihani hatuyatumii kupima kompyuta, na tunawasihi wakuu wa shule wasituombe tufanye hivyo, kwa kuwa ufaulu hupanda na kushuka kwa mambo mengi, ikiwemo kuhama kwa mwalimu mmoja wa Hisabati.

Walimu nao hupimwa, kwa heshima na bila kuwatahini. Wengi wana vishkwambi walivyogawiwa baada ya Sensa ya 2022, kwa hiyo tunawauliza wanavitumia kufanyia nini. Kama mwongozo tunafuata mfumo wa UNESCO wa umahiri wa walimu katika TEHAMA, toleo la 2018, wenye stadi 18 katika ngazi tatu, ingawa kwa shule nyingi ngazi ya kwanza inatosha kwa mwaka mzima wa mafunzo.

Umeme una hesabu yake. Kompyuta 20 za mezani zenye kula wati 120 kila moja, pamoja na kioo, humaliza uniti 2.4 za LUKU kwa saa. Kompyuta mpakato 20 za wati 50 humaliza uniti moja, na betri zake huvumilia umeme unapokatika katikati ya kipindi. Kiangazi chetu huziba feni kwa vumbi, na mvua zinapoanza Novemba huja na radi, kwa hiyo waya wa ethi tunaukagua kabla ya kitu kingine chochote. Kompyuta za msaada zichunguzwe pia: Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Linux, mfumo endeshi mwingine usiolipiwa, inaweza kuziongezea maisha, mradi mwalimu atakayeitumia ameafiki. Na kwa kuwa orodha za wanafunzi ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, zisizungushwe kwa flashi kutoka mashine hadi mashine.

Tathmini yetu ina sehemu mbili: ziara ya shuleni, kisha taarifa fupi ya maandishi inayosema kinunuliwe nini, kitengenezwe nini na kipi kisinunuliwe mwaka huu. Gharama yake hailazimishi shule kununua vifaa kwetu, na profoma ya muuzaji mwingine tunaipitia pia. Shule iandae ratiba, orodha ya vifaa vilivyopo pamoja na vilivyoko stoo, kumbukumbu za manunuzi ya LUKU za muhula uliopita, na daftari la chumba cha kompyuta. Isiyo na daftari tunaipatia nakala ya safu zetu bila malipo, ilijaze kwa wiki kadhaa, ndipo tupange ziara. Wakati wa likizo hatufanyi tathmini, hata kama ndio muda ambao mkuu wa shule ana nafasi zaidi, kwa sababu tunataka kukaa nyuma ya chumba kipindi kikiendelea na kuona nani ameshika kipanya.