Mdogo wangu, kamera haijakupita

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, na hilo neno lako kwamba umri umekwenda, kamera waachiwe vijana, limeniuma. Kabla hujaamua, sikia habari za Emma Turner, mpiga picha wa ndege.

Alizaliwa mwaka 1867 huko Kent, Uingereza. Mwaka 1900, akiwa amekwisha vuka miaka 30, alikutana na Richard Kearton, mmoja wa watu wa mwanzo kupiga picha za ndege wa porini. Hapo ndipo alipoanza. Mwaka 1904 alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kukubaliwa kuwa wanachama wa Linnean Society ya London, chama cha wanasayansi wa viumbe hai, ambacho hadi wakati huo kilikuwa cha wanaume watupu.

Ninachokipenda zaidi kwake ni kwamba hakutangatanga. Alichagua Hickling Broad, ziwa lenye matete mengi huko Norfolk, akawa anaishi hapo sehemu ya mwaka, mwaka baada ya mwaka, ndani ya boti aliyoipa jina la ndege wa matetini, Water Rail. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu, dada. Kamera nzito, picha moja kwa kila kibao cha kioo. Ukikosea, ndege kesha ruka. Ilimbidi ajifiche matopeni na kungoja hadi ndege arudi kiotani mwenyewe, bila kufukuzwa wala kutishwa.

Basi mwaka 1911 yeye na Jim Vincent, mtunzaji wa eneo lile, wakampata kinda wa ngojamaliko. Ndege huyu, wa jamii ya kulastara, alikuwa ameacha kuzaliana Uingereza: mabwawa yalikaushwa, wawindaji wakampiga risasi, wakusanyaji wakabeba mayai. Tena si rahisi kumwona, maana akishtuka husimama wima, mdomo juu, akafanana na matete yaliyomzunguka. Turner alimpiga picha yule kinda. Wazee wangesimulia kwamba wamemsikia ngojamaliko akivuma usiku, na watu wangebisha. Picha ilimaliza ubishi. Ngojamaliko alikuwa amerudi na anazaa.

Mwaka 1924, umri wake ukikaribia miaka 60, alikwenda kuwalinda buabua, ndege wa baharini, waliotaga kwenye kisiwa cha Scolt Head. Magazeti yakamwita mwanamke mpweke kuliko wote Uingereza. Mimi siamini kwamba mtu mwenye kundi zima la buabua la kulinda alihitaji kuonewa huruma.

Wewe una lile bwawa nyuma ya mashamba ya mpunga, ambalo wenyeji wanataka kulifukia. Anza hapo, na uandike tarehe ya kila picha, maana siku ya kubishana na wanaotaka kulifukia utazihitaji. Kamera yangu ya zamani nimeifunga vizuri, nampa dereva wa basi la Ijumaa. Kaipokee stendi jioni.

Dada yako