Tusome alama za pedi na diski za breki kabla ya kulipa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ununuzi wa pedi na diski za breki, jambo ambalo wengi wetu tunamwachia fundi na muuza spea, ilhali mengi tunayohitaji kuyajua yameandikwa kwenye spea yenyewe.

Katika maduka ya Kariakoo mteja huulizwa kama anataka orijino au ya kawaida, naye huamua kwa bei na kwa sura ya boksi. Boksi linaweza kuchapishwa popote. Atoe pedi, aigeuze, asome ukingo na mgongo wake, kwani pedi nyingi za viwanda makini huwa na namba inayoishia na herufi mbili, kama vile EE, FF au GG. Herufi ya kwanza huonyesha msuguano breki ikiwa na joto la kawaida, na ya pili ikiwa imepata moto: E ni kati ya 0.25 na 0.35, F hufikia 0.45 na G hufikia 0.55. Pedi ya FE, basi, hupungua nguvu inapopata moto, na huo ndio wakati dereva anayeteremka Mlima Kitonga na gari lililojaa anapoihitaji zaidi. Herufi hizo si cheti cha ubora, lakini pedi isiyo na alama yoyote nisingekubali ifungwe kwenye gari langu. Alama ya E ndani ya duara pamoja na 90R, yaani kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa kuhusu spea za breki, ina uzito zaidi, kwa kuwa pedi hiyo imepimwa ikilinganishwa na ya mtengenezaji wa gari, na tofauti ya nguvu haipaswi kuzidi asilimia 15.

Diski nazo huandikwa unene wa mwisho unaoruhusiwa, kwa kawaida baada ya maneno MIN TH. Gereji nyingi hukereza diski iliyochakaa bila kuipima, nayo ikishakuwa nyembamba hupata moto haraka na huweza kupasuka. Ikishuka chini ya kipimo hicho ibadilishwe pamoja na mwenzake wa upande wa pili.

Ninaliomba Shirika la Viwango Tanzania likague alama hizi madukani, na mafundi wawaandikie wateja unene wa diski kwenye risiti.

Msomaji wako,
Morogoro