Mwulizeni aliyesimama kwenye barafu

Ndugu Mhariri,

Nawaandikia hasa wazazi wenzangu tulio ughaibuni. Binti yangu yuko darasa la tatu hapa Ottawa. Juzi alirudi na mchoro wa mtoto wa sili, yule mnyama wa bahari za baridi, mweupe pepepe, machozi mawili mashavuni, na chini yake maneno: tuwalinde wanyama na wawindaji. Wawindaji gani? "Wa kaskazini, mama."

Mchoro uko mlangoni mwa friji, na kila nikienda kuchukua maziwa unanikera.

Hao wa kaskazini ni Wainuit, wenyeji wa asili wa nchi za barafu. Wao huwinda sili wakubwa, kwa chakula na ngozi. Watoto weupe waliozua kelele duniani walikuwa wa sili wa aina nyingine, waliouawa kibiashara pwani ya mashariki. Jumuiya ya Ulaya ilipopiga marufuku ngozi zao mwaka 1983, soko la ngozi za sili likaanguka lote, na mwindaji wa Kiinuit asiyehusika akaanguka nalo.

Arviat, kijiji cha Nunavut, jimbo la Wainuit kaskazini mwa Kanada, kando ya Ghuba ya Hudson, somo hili hufundishwa vingine. Kuna mpango wa wawindaji vijana, wa miaka 8 hadi 18, uitwao Ujjiqsuiniq, yaani kuwa macho, kuona kweli unachokitazama. Mtoto hutoka na wazee, hujifunza kusoma upepo na barafu, hujifunza kuwinda. Kwa mila ya Wainuit, windo la kwanza la kijana hugawiwa watu. Zamani hata sili aliyekwisha kuuawa alitiwa maji yasiyo na chumvi mdomoni, maana aishiye kwenye chumvi ana kiu. Nilipomsimulia binti yangu hilo la maji, aliacha kula.

Najua watakaosema hizo ni ngano. Basi wakumbuke Alaska, mwaka 1977. Wataalamu walikadiria kuwa nyangumi wa barafuni hawafiki hata 2,000, na Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ikapiga marufuku uwindaji. Wainupiat, wenyeji wa huko walio ndugu wa Wainuit, wakasema: mnahesabu wale tu mnaowaona kutoka ukingoni mwa barafu, wengine wanapita chini ya barafu. Maikrofoni ziliposhushwa majini miaka ya themanini, sauti zikasikika huko huko walikosema. Hesabu ya mwaka 2001 ilizidi 10,000.

Siku hizi vijana huandika waliyoyaona kwenye programu ya simu iliyobuniwa na shirika la Sanikiluaq, kijiji kingine cha ghuba hiyo. Inaitwa SIKU. Kwa lugha yao siku ni barafu ya baharini, na mimi Mswahili nimeshindwa kulipita neno hilo bila kulitaja.

Simlaumu mwalimu, naye hakufundishwa. Ila Ottawa hii ina jamii kubwa ya Wainuit, na sijasikia mzee wao hata mmoja akialikwa darasani kwa binti yangu. Nimeshaandika barua shuleni kuomba hivyo, na nawasihi wazazi wengine waandike.

Mchoro sijautoa. Nimemwomba achore wa pili: mtu kasimama kimya mbele ya tundu la barafuni ambamo sili hupumulia, chusa mkononi. Akaniuliza mtu huyo husimama muda gani. Sikuwa na jibu. Wa kumjibu anapanda basi moja na sisi.

Mama wa mwanafunzi,
Ottawa, Kanada