Shoga yangu, duka lako lianze na LibreOffice

Sinza, Dar es Salaam

Shoga yangu,

Habari za Tandika? Shemeji na watoto hawajambo? Huku sisi wazima, tunapambana na joto tu. Hongera sana kwa kupata fremu ya steshenari. Najua ulivyoihangaikia, na Mungu akujalie wateja.

Umeniuliza kama programu ya bure inaweza kubeba kazi za duka, au umpe hela yule fundi akuwekee Microsoft Office ya kuchakachua, yaani isiyo na leseni. Mimi nasema usimpe. Weka LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia na kupigia mahesabu, tena iweke kabla hujapokea mteja wa kwanza, maana mkono ukishazoea kitu kingine kuuhamisha ni kazi.

Hizo za kuchakachua naziogopa kwa ajili ya wateja wako. Ili zikubali kufanya kazi bila leseni, mara nyingi fundi huzima antivairasi kwanza, halafu anafungua kifaili ambacho hata yeye hajui kimeandikwa na nani. Sasa duka lako wewe litaishi kwa flashi. Asubuhi anakuja mwanafunzi mwenye ripoti ya fildi, mchana anakuja katibu wa VICOBA na hesabu za kikundi. Kompyuta ikishika kirusi, kila flashi itakayochomekwa itaondoka nacho. Unavijua vile vinavyoficha mafolda na kuacha shotikati tupu. Mtu akifika nyumbani akakuta kazi yake haionekani, kwako harudi, na jirani zake watasikia.

Najua nyumbani watakwambia rahisi ni ghali. Lakini LibreOffice ina historia yake. Ilianzia Ujerumani ikiitwa StarOffice. Kampuni ya Sun Microsystems ikainunua mwaka 1999, na mwaka 2000 ikaufungua msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, watu wote wausome na kuuboresha, ndipo ikaitwa OpenOffice.org. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle ilipoichukua Sun, wengi waliokuwa wakiijenga programu hiyo waliingiwa na wasiwasi, wakajitenga Septemba ya mwaka huohuo. Wakaunda The Document Foundation, yenye makao Berlin, na kazi yao wakaiita LibreOffice. Taasisi hiyo inaendeshwa kwa michango, na zipo kampuni zinazolipa mafundi wa kuiandika kwa kuwa zenyewe huuza huduma za msaada kwa maofisi makubwa. Mwaka 2024 serikali ya jimbo la Schleswig-Holstein huko Ujerumani ilitangaza kuhamishia LibreOffice kompyuta zipatazo 30,000 za watumishi wake. Ikiwabeba hao, barua za Tandika haziishindi.

Na sisi tuna mkono wetu humo. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, menyu zikiwa kwa Kiswahili. Kila nikipita Mlimani hulikumbuka hilo kwa fahari.

Kuiweka hakuna ugumu. Ingia libreoffice.org, tovuti yenyewe, usipakue kwingine. Faili linazidi megabaiti 300, kwa hiyo nunua bando la usiku au tumia Wi-Fi ya kazini kwa shemeji. Ukishalipata lihifadhi kwenye flashi. Leseni yake inakuruhusu kulinakili na kumpa yeyote, hata mwenye steshenari ya jirani. Wakati wa kuweka chagua Custom, kisha kwenye orodha ya kamusi weka alama kwenye Kiswahili. Baadaye ukiiambia programu kwamba lugha ya maandishi ni Kiswahili, ile mistari myekundu chini ya kila neno itatoweka, ibaki kwenye makosa tu. Barua ya maombi ya kazi yenye makosa ya herufi humharibia mtu, na wewe ndiye uliyeichapa.

Jambo la pili ni umeme. Nenda Tools, Options, Load/Save, General, uweke AutoRecovery kila baada ya dakika 3. Umeme ukikatika katikati ya kurasa 40 za mtu, utaokoa sehemu kubwa.

Ukishaifungua utakuta Writer ya kuandika, Calc ya mahesabu, Impress ya mawasilisho, na nyingine ambazo kwa sasa ziache. Anza na Writer na Calc. Kama umezoea vitufe vilivyopangwa kwa vichupo juu, ingia View, kisha User Interface, uchague Tabbed. Utajiona uko nyumbani.

Sasa nikupe kazi itakayokulipa: kadi za michango ya harusi. Kamati inakuletea majina 200 kwenye karatasi, wengi wanachapa kadi moja kisha wanaandika majina kwa kalamu. Wewe fungua Calc. Mstari wa kwanza andika vichwa vya safu, mfano Cheo na Jina, halafu shuka chini ukijaza Bw. na Bi., Familia ya, Mzee, kila mtu mstari wake. Hifadhi. Fungua kadi kwenye Writer, ingia Tools, Mail Merge Wizard, ulionyeshe faili hilo la majina. Kisha fungua View, Data Sources. Orodha yako itatokea juu ya kadi. Shika kichwa cha safu ya Jina kwa kipanya, kivute mpaka pale penye nukta za jina, kiachie. Ukibonyeza kuprinti itakuuliza kama ni barua ya watu wengi. Kubali, na mara ya kwanza chagua itoe faili badala ya karatasi. Pitia majina yote na mwenyekiti wa kamati kabla hujachoma tona. Mama wa bwana harusi akikuta jina la dada yake limekosewa, lawama ni zako. Na orodha hiyohiyo, ukiongeza safu ya Ahadi na safu ya Kilicholipwa, inakuwa daftari la kamati. Hiyo nayo ni huduma ya kulipisha.

Kwa ripoti za wanafunzi, bonyeza F11 utumie mitindo ya vichwa vya habari. Vichwa vikiwekwa hivyo, ukiingiza orodha ya yaliyomo hujitengeneza yenyewe na namba za kurasa. Msimamizi akirudisha kazi na masahihisho, unabonyeza kusasisha tu.

Nisikufiche upande wa pili. Zile CV zenye visanduku na safu mbili zilizotengenezwa Word zinaweza kukufungukia zikiwa zimesogea. Fonti za Calibri na Cambria kama hunazo, LibreOffice huweka Carlito na Caladea, ambazo upana wa herufi zake ni uleule, kwa hiyo mistari haihami sana. Visanduku ndivyo vyenye usumbufu. Faili la Excel lenye makro nzito, zile amri zinazojiendesha ndani ya faili, mwambie mteja mapema kwamba huenda lisifanye kazi yote. Mtu anapenda kuambiwa kabla hajalipa.

Utaratibu ninaokushauri ni huu: kazi zako mwenyewe zitunze kwa odt (maandishi) na ods (mahesabu), mfumo ulio wazi ambao ISO, shirika la viwango la kimataifa, iliupitisha mwaka 2006 na programu nyingi zinausoma. Mteja anayetaka kwenda kuhariri kwingine mpe docx, faili la Word. Anayetuma maombi ya kazi mpe PDF, kuna kitufe chake juu kabisa. Na kwenye kutengeneza PDF kuna chaguo la Hybrid linaloficha faili la odt ndani yake. Ninalipenda mno: mteja anabaki na PDF yake kwenye WhatsApp, akirudi baada ya miezi kubadilisha namba ya simu, unalifungua kwenye Writer na kulirekebisha bila kuchapa upya. Simu yake ndiyo inakuwa kabati lako la mafaili.

Jumapili nitakuja Temeke kwa shangazi, nitapita kwako na flashi yenye programu. Kabla sijafika waombe kamati ya mdogo wako ile orodha ya majina, tuanze nayo papo hapo. Karatasi ngumu za kadi ninazo, usinunue.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Shoga yako wa Sinza