Mapunye hayaponi kwa kupaka

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mi ni kinyozi na shule zikikaribia kufunguliwa watoto wanajaa kijiweni maana walimu wanataka vipara, na humo hawakosi wenye mapunye, yale maduara ya nywele zilizokatika na magamba meupe, halafu mzazi anasema fundi we nyoa tu ntampaka tyubu. Kuna wanaopaka mpaka mafuta ya taa, jamani!

Mapunye ni fangasi, na ile fangasi imeshaingia ndani ya unywele hadi kwenye shina, cha kupaka hakifiki huko. Dawa yake ni ya kumeza, wengi wanaandikiwa griseofulvin, na inamezwa wiki 6 mpaka 8 hata kama kichwa kimeshaanza kupendeza, tena pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ndo inaingia vizuri mwilini. Dozi inaenda kwa uzito wa mtoto kwa hiyo apelekwe zahanati, msikadiriane dukani. Choa ya mwilini ndo inasikia krimu kama clotrimazole, ila zile tyubu za mchanganyiko zenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe, ziogopeni, muwasho unakata haraka mnafurahi kumbe fangasi inatambaa taratibu.

Kinachoniuma zaidi ni wale wenye uvimbe laini kichwani unatoa usaha, watu wanadhani jipu wanataka likamuliwe, kumbe mara nyingi ni fangasi hiyohiyo imekomaa na mkichelewa hapo panaweza pasiote nywele tena maisha.

Lawama zote zinakuja kwetu vinyozi. Sawa, mashine inaambukiza sikatai, kuna wenzangu wanapitisha kitambaa cha spiriti juujuu na nywele bado zimejaa kwenye meno, hiyo ni kazi bure, toa nywele zote kwa brashi kwanza ndo usafishe kwa dawa. Lakini mtoto huyohuyo akirudi kwao analala na wadogo zake mto mmoja, kitana kimoja, kofia wanavaliana, na mwingine anaweza kuwa nayo bila hata kujikuna, sasa ukitibu mmoja si inarudi tu?

Na walimu, akishaanza vidonge mwacheni asome, msimrudishe nyumbani mpaka nywele ziote.

Mabwana afya nao wakija kwangu wanauliza leseni na ndoo ya takataka, meno ya mashine hakuna anayeyaangalia.

Kinyozi, Dar es Salaam