Barua ya wazi kwa vijana wa zamu ya usiku, Eneo la Viwanda

Wanangu wa Lunga Lunga na Enterprise Road,

Nawasalimu. Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi katika viwanda vya Nairobi hadi nilipostaafu, na kauli moja ninaiogopa mpaka leo: "Ni hasira tu, atatulia." Mara nyingi anayekuja kumdhuru mwenzake kazini huwa amekwisha kusema, na waliosikia wakanyamaza.

Hasira peke yake haitoshi kumshuku mtu. Vibarua wakikatwa malipo watafoka, na wana haki. Wala msimnyooshee mtu kidole kwa kuwa ni mkimya au anatumia dawa za akili. Huo ni uonevu. Tazameni mabadiliko. Mcheshi wa jana leo anajitenga, anaingia zamu akinuka pombe, anapiga mashine mateke, na kinyongo cha miezi iliyopita hakimtoki mdomoni. Kinachonishtua zaidi ni vitisho vyenye jina, siku au silaha: "Supavaisa atanijua Ijumaa." Hapo msicheke. Naye anayegawa vitu vyake na kusema amechoka kuishi asiachwe peke yake, maana huenda akajiua.

Na getini je? Kuna dada zetu waliokimbia wanaume wakatili nyumbani, na wanaume hao huja kuwasubiri pale. Mwanamume kama huyo anajua zamu inakwisha saa ngapi. Dada akiwaambia anaogopa, mwaminini. Mlinzi apewe picha ya huyo mwanamume, dada abadilishiwe zamu, asitoke peke yake. Sheria ya mwaka 2015 ya kuzuia ukatili wa nyumbani inamruhusu kuiomba mahakama amri ya ulinzi. Simu ya 1195, ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, ni ya bure, mchana na usiku.

Mkisikia kitisho, andikeni maneno yenyewe, tarehe, na waliokuwepo. Msikirushe kwenye WhatsApp, kitageuka umbea na kumchokoza mhusika. Mwambieni msimamizi, ikiwa yeye ndiye anayetisha, nendeni kwa kamati ya usalama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inadai kamati hiyo mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Sheria hiyo hiyo inawataka mripoti hatari kubwa, na inamlinda anayeondoka akiwa na sababu ya kweli kuamini maisha yake yako hatarini. Silaha ikionekana, msijaribu kumpokonya. Tokeni, pigeni 999 au 112.

Nanyi mameneja mnaosoma hii: mkimwachisha mtu kazi, mwiteni faraghani, mmweleze sababu, mmlipe haki zake zote. Kumfukuza mbele ya wenzake, huku soja amemshika mkono, ni kumdhalilisha, na fedheha hiyo ataondoka nayo.

Ikiwa kamati yenu haijakutana mwaka huu, Jumatatu hii muulizeni meneja tarehe ya kikao, na mwakilishi wa vibarua awemo.

Mzee wenu, Makadara